Kuchuma Chembe

Mei 2023 redio ya Mama ilisema watu wa Kericho wamechoma mashine za kuchuma chai. Mama alikuwa ndio anatoka shambani, kikapu bado mgongoni, akasimama hapo mlangoni hadi habari ikaisha. Sisi tuko Nyamira, upande wa Kebirigo. Kericho si mbali. Chai yao ni ya mashamba makubwa ya makampuni na yetu ni ya vishamba vya kando ya nyumba, lakini kinachochumwa ni kile kile, majani mawili na chipukizi.

"Wakileta hizo vitu huku," akasema, "mimi nitachuma nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekaa kitandani na laptopu yangu ya mtumba nikifanya kibarua cha mtandaoni. Naletewa picha za barabara za miji ambayo sijawahi kufika, nazungushia boksi kila gari, kila mtu, kila baiskeli, halafu natuma. Boksi likizidi kidogo pembeni, picha inarudishwa na hulipwi. Hizo boksi zinaenda kufundisha kompyuta ya mtu fulani kuona. Yaani Mama alikuwa anaogopa mashine mlangoni na binti yake yuko ndani anaisomesha.

Nataka kusimulia historia ya mashine nyingine inayochuma, ila hii huchuma vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona hata ungelikodoa mwaka mzima. Inachuma protini kutoka kwa picha za hadubini ya elektroni. Najua inasikika kama kitu cha mbali sana na Kebirigo. Nilifikiri hivyo pia.

*

Nilizaliwa mwaka 2000 na jina langu si langu. Lilikuwa la dada yangu. Alifariki katikati ya 1999 kule Gucha, ambako wazazi wangu waliishi wakati huo, akiwa na miaka mitatu. Kwetu ni kawaida mtoto kupewa jina la aliyeondoka, kwa hivyo sijawahi kulalamika. Lakini ukikua ukiitwa jina ambalo lilishaandikwa msalabani, kuna maswali utauliza.

Mwaka huo malaria ilipanda mlima. Watu wa kando ya ziwa huumwa mara kwa mara, na mtu mzima wa huko huwa na kinga ya aina fulani. Sisi wa milimani hatuna. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, usiku ni baridi, na kwa kawaida kimelea hakipati joto la kutosha kukomaa ndani ya mbu. Lakini kukitokea msimu wa mvua nzito na joto likapanda kidogo, mbu anakutana na damu ambayo haijawahi kufanya mazoezi. Ndipo watoto na wazee wanaanguka pamoja. Ilitokea 1999, na 2002 ikarudi tena katika nyanda za juu za magharibi.

Mama anakumbuka vitu vidogo. Anakumbuka vitanda vya watoto watatu watatu. Anakumbuka kusaga klorokwini kati ya vijiko viwili na kuichanganya na sukari kwa sababu ni chungu kama nyongo. Anakumbuka mtoto akijikuna, maana ile dawa ilikuwa inawasha ngozi. Na anakumbuka homa ikishuka siku moja, ikarudi siku ya pili, ikakaa.

"Dawa ilikataa," ndivyo husema. Hasemi mtoto alizidiwa wala hospitali ilichelewa. Kila mara anasema dawa ilikataa. Wazee wetu husimulia kwamba jina Kabianga, mahali walipoishi kabla ya kuja huku, lina neno la kukataa ndani yake: mifugo ilikufa pale, mazao yakagoma, watu wakahama. Kwa hivyo kwetu kitu kukataa si habari mpya. Lakini dawa hukataa vipi? Kidonge hakina mdomo.

Usugu wa klorokwini ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza kwa wageni waliotembelea Kenya na Tanzania. Miaka 20 baadaye, mnamo 1998, Kenya ikaacha kuitegemea kama dawa ya kwanza na kuweka SP, ile wengi wanaijua kwa jina la Fansidar. Sasa, si mnajua sera hutoka Nairobi kwa gari na kufika kijijini kwa miguu? Mwaka 1999 klorokwini ilikuwa bado dukani, bei ya chini, na kila mama aliijua dozi yake kwa kichwa.

*

Mimi nilisoma biokemia miaka miwili kabla ya karo kunishinda. Chuo sitakitaja, hakina kosa kubwa kuliko vingine. Lakini kuna somo moja lilinilipa. Mhadhiri aliweka ukutani picha ya utepe uliojikunja mara kumi, wa rangi nyingi, akasema: hiki ndicho kitu kilichoiua klorokwini. Kinaitwa PfCRT. Ni protini yenye asidi amino 424, imekaa kwenye ukuta wa tumbo la kimelea cha malaria. Picha yake ilichapishwa Novemba 2019.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa tu naitazama. Miaka yote nilikuwa nimefikiria kilichomwondoa dada yangu ni mbu, au umaskini, au Mungu, kulingana na nilikuwa na nani. Kumbe kuna kitu chenye umbo.

Kazi yake iko hivi. Kimelea hukaa ndani ya seli nyekundu ya damu na kula himoglobini. Kikishamaliza, kinabaki na taka yenye sumu, na ili kisijiue huifunga hiyo taka iwe fuwele. Klorokwini huingia ndani ya lile tumbo na kuzuia ufungaji. Kimelea kinakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Ni dawa ya akili sana. Lakini PfCRT ni mlango kwenye ukuta wa hilo tumbo. Katika vimelea vya zamani, kwenye nafasi ya 76 ya protini hii kuna asidi amino inayoitwa laisini, yenye chaji chanya. Klorokwini ikiwa mle ndani nayo ina chaji chanya, na chanya kwa chanya husukumana, kwa hivyo dawa haipiti. Vimelea sugu vimebadilisha ile laisini ikawa threonini, isiyo na chaji. Kuna mabadiliko mengine pia, lakini hilo la 76 ndilo ufunguo. Mlinzi ameondoka mlangoni. Dawa inatolewa nje.

Jeni hii ilitambuliwa mwaka 2000, mwaka niliozaliwa, na kundi la David Fidock na Thomas Wellems kule Marekani. Wakajua mlango upo, wakajua na nafasi ya 76. Walichokosa ni sura yake. Iliwachukua wanasayansi miaka mingine 19 kuiona, na ilibidi kwanza watu wengine kabisa, waliokuwa na matatizo mengine kabisa, watengeneze njia ya kuona.

*

Mwanzo ni Berlin, 1931. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini inayotumia elektroni badala ya mwanga. Wimbi la mwanga ni refu mno kwa vitu vidogo, ni kama kutaka kupima punje ya wimbi kwa mkono wa glavu ya ndondi. Elektroni ni nyembamba zaidi. Ruska alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, ameshazeeka.

Tatizo ni kwamba elektroni huhitaji ombwe, mahali pasipo hewa, na protini ni kitu cha maji. Ndani ya ombwe maji hukauka na protini inasinyaa. Zaidi ya hapo, elektroni zenyewe huiunguza. Ukipiga kwa nguvu upate picha nzuri, unapiga picha ya jivu. Ukipiga kwa upole, unapata chenga.

Kama ulikulia nyumba yenye ile Greatwall ndogo nyeusi na nyeupe, unajua chenga. Antena juu ya mti, mtu mmoja nje anaizungusha, mwingine ndani anapiga kelele "hapo hapo! usiguse!" na bado mtangazaji anaonekana kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya mchele. Picha za protini ziko hivyo. Mtu yuko humo ndani lakini huwezi kuapa.

Hila iliyookoa mambo ni ya kihesabu. Chenga hubadilika kila mara, lakini mtangazaji ni yule yule. Ukichukua picha elfu za chenga za kitu kimoja, ukazipanga sawasawa moja juu ya nyingine, chenga huanza kufutana na mtangazaji hubaki. Joachim Frank, Mjerumani aliyefanya kazi yake kubwa Marekani, alitumia miaka ya 1970 na 1980 kutafuta namna kompyuta itakavyolifanya hilo.

Na ili upate umbo kamili, si kivuli tu, unahitaji pande zote. Fikiria kinyago cha jiwe la Tabaka mezani. Ukitazama mbele tu hujui mgongo. Aliyeonyesha jinsi ya kujenga umbo zima kutoka kwa picha bapa ni Aaron Klug, pamoja na David DeRosier, mwaka 1968. Klug alizaliwa Lithuania lakini alikua Durban, akasoma Johannesburg na Cape Town kabla ya kwenda Uingereza, akapata Nobel 1982. Sikuambiwa hilo darasani. Nililipata mwenyewe saiba moja pale Kisii mjini, nikimsubiri mtu anilipe, na nilijisikia kama nimemkuta jirani ugenini.

Maji yalishughulikiwa na Jacques Dubochet, Mswisi, kule Heidelberg mwanzoni mwa miaka ya 1980. Barafu ya kawaida ina fuwele na fuwele huharibu picha. Yeye na wenzake wakagandisha maji kwa kasi hivi kwamba molekuli hazipati nafasi ya kujipanga. Unaweka tone la protini kwenye kisahani cha chuma cha milimita 3 chenye vishimo vingi, unakausha ziada kwa karatasi, halafu unakitumbukiza ndani ya ethani iliyopoozwa na naitrojeni ya majimaji. Maji yanakuwa kama kioo na protini zinabaki zilivyokuwa, zimeelea, kila moja imetazama upande wake. Dubochet, Frank na Richard Henderson wa Cambridge waligawana Nobel ya kemia mwaka 2017.

Wakishapewa tuzo, historia nyingi huishia hapo. Mimi kilichonishika ni watu waliokaa usiku.

*

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuona protini alikaa kwenye chumba chenye giza. Anatafuta kishimo chenye barafu nzuri, si nene wala si nyembamba. Anasogea pembeni kidogo kulenga, ili asiunguze protini yenyewe kabla ya picha. Anarudi, anapiga. Filamu moja. Kisha kishimo kingine. Asubuhi anaosha filamu, anaziskani, na zikishaingia kwenye kompyuta ndipo kazi ya pili inaanza: kuchuma.

Wanaita hivyo hivyo kwa lugha yao, kuchuma. Unafungua picha ya kijivu yenye chenga, unatafuta madoa yanayoonekana kama protini, na kila doa unalizungushia boksi kwa kipanya. Programu iitwayo EMAN, iliyotoka 1999, ilikuwa na sehemu ya kazi hiyo na jina lake lilitokana na neno boksi. Wanafunzi wa uzamifu walizungushia maelfu, makumi ya maelfu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Jameni, hiyo ni kazi yangu! Tofauti ni kwamba wao mwisho wa boksi waliitwa daktari.

Wa kwanza kulifanya tatizo la usiku kuwa kazi ya maisha yake ni Bridget Carragher, mwanafizikia kutoka Afrika Kusini, pamoja na mwenzake Clint Potter. Walikuwa Illinois, baadaye California, baadaye New York. Mwaka 2000 walitangaza programu yao, Leginon, ambayo iliendesha hadubini bila mtu kushika visu vya kulengea. Leginon ilifanya kile unachofanya ukitafuta nyumba ya mtu kwenye ramani ya simu. Kwanza unaona kaunti nzima, Kisii yote kijani. Unachagua Bobasi. Ndani ya Bobasi unachagua kijiji, kisha boma, kisha mgomba mmoja nyuma ya jiko. Programu hupiga picha ya kisahani kizima kwa mbali, huchagua viraba vizuri, ndani ya kiraba huchagua vishimo, husogea pembeni kulenga, hurudi, hupiga, huenda kishimo kinachofuata. Usiku kucha. Binadamu yuko nyumbani amelala, au anajaribu kulala huku akiangalia simu kama mashine imekwama.

Nyingine ya namna hiyo, SerialEM, iliandikwa na David Mastronarde kule Colorado, na hadi leo watu wanaitumia bure. Karibu na 2012 na 2013 zikaja kamera zinazohesabu elektroni moja kwa moja, bila filamu, tena zinachukua video fupi, ili protini ikitikisika programu irekebishe mtikisiko. Mwaka 2012 Sjors Scheres wa Cambridge akatoa RELION, inayopanga chembe katika makundi na kujenga umbo kwa hesabu za uwezekano. Nayo ni ya bure. Taaluma iliyokuwa ikichekwa kwamba inatoa picha za mabonge ikaanza kuonyesha atomu. Leo hadubini moja hupiga maelfu ya picha kwa siku, na mtu anakusanya chembe laki kadhaa, wakati mwingine milioni, kwa protini moja. Hakuna mwanafunzi wa kuzichuma hizo kwa mkono. Ilibidi kuchuma nako kufanywe na mashine.

*

Hapa kuna hadithi ambayo ningetaka kila mtu anayefanya kibarua kama changu aijue.

Njia ya mwanzo ya kuifundisha kompyuta kuchuma ilikuwa kuipa kielelezo: tafuta vitu vinavyofanana na hiki. Ni sawa, hadi utambue kompyuta ni mtiifu kupita kiasi. Watafiti walichukua picha elfu moja za chenga tupu. Hakuna protini, hakuna chochote, mchele wa Greatwall mtupu. Wakaiambia kompyuta izipange kila moja kwa kulinganisha na picha ya Albert Einstein. Kisha wakazijumlisha. Einstein akatokea. Nywele, masharubu, macho yale ya huzuni, kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Henderson alilirudia hilo jambo kama onyo mwaka 2013, wakati wataalamu walikuwa wanabishana vikali kuhusu umbo la protini ya virusi vya Ukimwi lililochapishwa. Alikuwa anauliza, kwa adabu ya Kiingereza, kama waliochapisha wameona protini au wamemwona Einstein wao.

Shangazi yangu alifanya kazi maabara miaka mingi, hadubini ya kawaida ya kioo, kuhesabu vimelea kwenye damu iliyopakwa rangi. Nilipomsimulia habari ya Einstein hakushangaa hata kidogo. "Sisi tulikuwa nayo," akasema. "Homa ikiingia mlangoni, mkono wa daktari ulikuwa umeshaandika malaria. Mimi napeleka karatasi nasema sioni kitu, ananiambia angalia tena." Na kweli, kwa miaka mingi kila homa hapa ilitibiwa kama malaria. Shirika la Afya Duniani lilikuja kusisitiza kupima kwanza, kwa watu wa umri wote, mwaka 2010. Ukijua unachotafuta utakipata, na mtoto mwenye nimonia anapewa dawa ya mbu.

Dawa ya Einstein ilikuwa kugawa chembe makundi mawili tangu mwanzo, kila kundi likajenga umbo lake bila kuchungulia la mwenzake, kisha yalinganishwe. Mahali yanapokubaliana, hapo ndipo unaruhusiwa kuamini. Na kwa uchumaji, zikaja kompyuta zinazojifunza kwa mifano mingi badala ya kielelezo kimoja. Mwaka 2019 kundi la Stefan Raunser kule Dortmund lilichapisha crYOLO. Jina linaonyesha ukoo wake: imejengwa juu ya YOLO, mbinu iliyotengenezwa kutambua vitu kwenye picha za kawaida. Magari, watu, baiskeli.

Ndiyo. Zile zile zangu.

YOLO ya kwanza kabisa ilijifunza kuona kupitia ImageNet, mkusanyiko wa mamilioni ya picha ulioainishwa na makumi ya maelfu ya vibarua wa mtandaoni kutoka nchi zaidi ya 160, kila mmoja akilipwa senti. Na crYOLO yenyewe ilifundishwa kwa picha ambazo watu walishazichuma kwa mkono, boksi kwa boksi. Sisemi boksi langu la baiskeli limeonyesha mtu protini. Mimi nilianza kazi baadaye, na haya mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka hivyo. Nasema tu kwamba ukiifuata hii mashine hadi chini kabisa, chini ya hesabu zote, unakuta mtu amekaa na kipanya, mgongo unauma.

Mwaka uliofuata baada ya moto wa Kericho akaunti yangu ilifungwa. Barua pepe ya sentensi mbili. Taski zilikuwa zimeanza kupungua miezi kadhaa kabla, boksi zikija zimeshachorwa na kompyuta, mimi nasahihisha tu pembe. Sikuchoma kitu. Ningechoma nini, laptopu yangu mwenyewe?

*

Usidhani hadubini ya elektroni ilikuwa kitu cha wazungu wa mbali wakati huo wote. Kabete, Nairobi, kulikuwa na taasisi iitwayo ILRAD, iliyoanzishwa 1973 kutafiti magonjwa ya mifugo. Don Fawcett, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hadubini ya elektroni duniani, alistaafu Harvard akaja pale miaka ya 1980, akapiga picha za kimelea cha ndigana ndani ya tezi za mate za kupe. Ndigana ndiyo iliyommalizia babu yangu ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa hivyo kuna wakati adui wa boma letu alikuwa anatazamwa kwa elektroni umbali wa siku moja kwa basi, na sisi hatukuwa na habari.

Lakini ile ilikuwa kutazama seli. Hadubini za kuona atomu ni za mamilioni ya dola, zinataka umeme usioyumba, sakafu isiyotetemeka na mafundi wa kudumu. Otomatiki, bila kukusudia, ilifungua mlango wa nyuma. Kama hadubini inaendeshwa na programu, basi anayeiendesha si lazima awe chumba kile. Korona ilipofunga maabara mwaka 2020 watu wengi walilazimika kuziendesha kutoka nyumbani. Mkameruni Emmanuel Nji alikuwa ameshaanzisha BioStruct-Africa mwaka 2017, kufundisha watafiti walioko Afrika kazi hii ya maumbo ya protini. Cape Town kuna kituo cha hadubini chenye jina la Aaron Klug. Na picha ghafi, zile zenye chenga, zinawekwa kwenye hazina za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kupakua, kama ana bando ya kupakua data ya ukubwa huo. Mimi sina. Nilijaribu usiku mmoja kwa ofa ya saa sita usiku na nikalala kabla ya asilimia moja.

Ile ya mlango wenyewe, PfCRT, ilikuwa ngumu hata kwa mashine. Ni ndogo mno kwa njia hii, haionekani ndani ya chenga. Kundi la Fidock na Filippo Mancia, Chuo Kikuu cha Columbia, liliibandika kipande cha kingamwili, kama kumvisha mtu mfupi kofia ndefu ili umwone kwenye umati. Ndipo chembe zikaweza kuchumwa na kupangwa. Wakafika angstromu 3.2. Milimita moja ina angstromu milioni 10, piga hesabu mwenyewe. Katikati ya mlango waliona uwazi wenye chaji hasi, na mabadiliko yaliyoleta usugu yamejipanga kuuzunguka.

Faida yake ni ipi? Klorokwini ilishaondoka kwetu. Kenya ilichagua dawa mseto yenye artemisinini mwaka 2004. Malawi, walioacha klorokwini mapema zaidi, 1993, waliona vimelea sugu vikipotea hadi dawa ikaanza kufanya kazi tena katika utafiti uliochapishwa 2006. Vimelea vilibadilika bila kungoja picha ya mtu. Lakini mlango ule ule hubadilika pia dhidi ya piperakwini, mwenza wa dawa mseto nyingine, na sasa anayetengeneza dawa anaweza kuangalia mahali pa kuweka mguu ili mlango usifungwe. Ni faida. Si ya dada yangu.

*

Umbo hilo lina namba katika hazina ya protini ya dunia, 6UKJ, na linafunguka hata kwenye simu. Desemba iliyopita, jioni, nililifungua nikampa Mama. Nilimwambia hiki ndicho kilichokataa dawa.

Alikaa nalo muda mrefu. Alijaribu kulizungusha lakini kidole gumba chake kimekomaa kwa chai, skrini haikumtambua, ikabidi nimzungushie mimi. Nikamwonyesha nafasi ya 76.

"Hapo tu?"

"Hapo ndipo pakubwa."

"Kadogo hivyo." Akanyamaza. "Na hii picha walipiga lini?"

"2019."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anahesabu kilo. Kisha akauliza walimpiga picha namna gani mtu mdogo hivyo, nikamweleza yote, barafu, usiku, chenga, kuchuma. Kwenye kuchuma aliinua kichwa.

"Nani anachuma?"

"Siku hizi mashine."

"Na zile za kwanza?"

"Za kwanza walichuma watu, Mama. Kwa mkono."

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia simu. Akaniambia niichaji na ya kwake, na niweke kikapu karibu na mlango, kwa sababu kesho gari la majani linapita mapema.